Pedali Haiongezi Nguvu ya Injini

(Haya ni maelezo aliyoyatoa Mkaguzi wa Ushirika katika mafunzo ya makatibu, waweka hazina na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi. Yanachapwa hapa kwa ombi la vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Mmezoea kuniona nikisimama mbele yenu kusema habari za daftari la fedha, hati za malipo na mizani. Leo nimeombwa niseme habari za gari, na bila shaka wako miongoni mwenu wanaojiuliza mkaguzi wa vitabu ana shughuli gani na injini. Jibu langu ni kwamba mimi sikuifuata injini. Nilikuwa nafuata hati moja ya malipo, nayo ndiyo iliyonifikisha kwenye injini.

Katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa, ambacho jina lake sitalitaja, nilikuta hati iliyoandikwa maneno haya: "Kuongeza nguvu gari." Hati ilikuwa imesainiwa na wote wanaopaswa kusaini, stakabadhi ilikuwa imeambatishwa, na fedha zilikuwa zimetoka katika fungu la matengenezo lililopitishwa na mkutano mkuu. Kwa upande wa hesabu hapakuwa na kasoro. Nilimwuliza Katibu, "Ndugu Katibu, nguvu hizi zimeongezwa mahali gani?" Akacheka, akaniambia, "Ndugu Mkaguzi, panda ujionee mwenyewe."

Nikapanda. Dereva aligusa pedali ya mafuta kidogo tu, na lile gari, ambalo siku zote lilikuwa likijivuta kama ng'ombe aliyechoka, likaruka mbele hata kofia yangu ikaanguka. Nikasema kwa sauti, mbele ya Katibu na dereva, "Kweli, gari limepona." Katika taarifa yangu sikuandika neno lolote juu ya ile hati. Nalitaja jambo hili mwanzoni ili mjue kwamba anayewaonya leo ni mtu aliyedanganyika kabla yenu.

KISANDUKU HIKI HUFANYA NINI

Kilichokuwa kimenunuliwa ni kisanduku kidogo, kinachoweza kufunikwa na kiganja cha mkono, chenye waya mbili na plagi mbili. Hufungwa kati ya pedali ya mafuta na kompyuta ya gari. Ili tuelewe kazi yake, hatuna budi kwanza kujua jinsi pedali yenyewe ilivyobadilika.

Katika magari ya zamani, pedali ilifungwa kwa waya wa chuma uliokwenda moja kwa moja mpaka kwenye kabureta, au kwenye pampu ya dizeli. Dereva alipokanyaga, mguu wake ndio uliovuta. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya BMW ilipoanza kuuza magari yasiyo na waya huo, utaratibu mpya umeenea kidogo kidogo, na magari mengi tunayoyanunua siku hizi, hata yale yaliyokwisha kutumika nchi za nje, ni ya namna hiyo. Pedali haivuti kitu. Ndani yake mna vihisi viwili vinavyopima mguu umeshuka kiasi gani, na kila kimoja hupeleka habari kwa umeme mdogo usiozidi volti 5. Kompyuta hupokea habari hizo, huzilinganisha, kisha huamua. Katika injini ya petroli huamua mlango wa hewa ufunguke kiasi gani. Katika injini ya dizeli huamua dizeli kiasi gani inyunyizwe. Vihisi vimewekwa viwili kwa makusudi: habari za viwili zikipingana, kompyuta hushuku kuna hitilafu, huwasha taa ya onyo na kupunguza nguvu ili gari litembee polepole mpaka lifike kwa fundi.

Sasa basi, kile kisanduku hukaa katikati kama mkalimani asiye mwaminifu. Tuseme, kwa mfano, kwamba dereva amekanyaga pedali sehemu 20 katika 100. Kisanduku huiambia kompyuta kwamba amekanyaga sehemu 40. Akikanyaga 50, kisanduku husema 80. Lakini akikanyaga 100, kisanduku hakina la kuongeza. Husema 100, kwa kuwa zaidi ya mia hakuna.

Ndugu zangu, ninyi ni watu wa mizani. Mnajua kwamba karani akiweka kidole juu ya mizani, sindano itapanda, lakini kahawa ndani ya gunia haitazidi hata punje moja. Kisanduku hiki ni kidole juu ya mizani ya pedali. Injini haipati hewa zaidi, wala dizeli zaidi, kuliko ile ambayo ingeipata kama dereva angekanyaga kwa nguvu kidogo. Gari huonekana jepesi kwa sababu mguu umepunguziwa safari.

Sisemi kwamba kifaa hiki ni cha wizi. Kinafanya hasa kile kilichotengenezwa kufanya. Watengenezaji wengi wa magari huifanya pedali iwe pole katika sehemu yake ya kwanza, nao wana sababu zao: gari lisishtuke katika foleni, dizeli isipotee, moshi usizidi, na katika barabara ya mashimo mguu unaotikisika usilifanye gari lirukeruke. Yako magari ambayo upole huo umezidi kiasi, na dereva wake huchoka kungoja gari liitike. Kwa gari la namna hiyo, likiwa zima kabisa, kisanduku huondoa kero ya kweli. Kosa linaanza pale tunapokifunga kwenye gari gonjwa, tukakiita dawa.

SIKU YA MIZANI

Lile gari la chama lilikuwa gonjwa. Ni gari la dizeli lenye turbo, yaani lile pangaboi linalozungushwa na moshi unaotoka katika injini ili lisukume hewa nyingi zaidi kuingia ndani. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la msimu mzima, na mpira unaochukua hewa kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini ulikuwa umelegea kwenye kibano chake, hewa ikivuja. Injini ilikuwa inakosa pumzi. Ndiyo maana ilikuwa nzito, na ndiyo maana ilitoa moshi mweusi kila ilipopanda mlima na mzigo. Lakini hakuna aliyeinua boneti kutazama. Aliyekuja na kisanduku alikuja na maneno matamu, na bodi ikamsikiliza.

Kwa kuwa gari lilikuwa gonjwa, dereva alikiweka kisanduku kwenye kipimo cha juu kabisa. Muda si mrefu mguu wake ukazoea. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimesukumwa chini ya dashibodi, hakionekani.

Msimu ulipokaribia, gari likapelekwa gereji kwa matengenezo ya kawaida. Fundi alifanya kazi yake vizuri: akabadili chujio la hewa, akabadili chujio la dizeli, akakaza kibano cha ule mpira. Hakuambiwa habari ya kisanduku, wala hakukiona. Hivyo gari likarudi chamani likiwa limepata pumzi zake zote, na juu ya pumzi hizo, pedali bado inasema uongo kwa kipimo cha juu kabisa.

Siku mbili baadaye dereva wa kawaida alikuwa na msiba. Chama kikamwomba kijana mmoja, mwenye leseni halali na tabia njema, alisogeze gari karibu na banda la kupokelea kahawa ili lipakiwe. Mvua ilikuwa imenyesha na viatu vyake vilikuwa na tope. Mbele ya banda palikuwa na foleni ya wanachama, wengi wao akina mama, kila mmoja na gunia lake. Kijana akatia gia ya kwanza, akaachia klachi, akagusa pedali kama anavyogusa gari lolote. Gari likaruka. Alipotafuta breki, mguu uliteleza ukaangukia pedali ileile ya mafuta.

Gari lilivunja uzio wa miti, likaiangusha meza ya karani, likasimama lilipogonga nguzo ya banda. Karani wa mizani alivunjika mkono. Mama mmoja mzee, aliyekuwa wa kwanza katika foleni, aliponea kwa sababu mjukuu wake alimvuta kwa nguvu wakaanguka wote wawili pembeni. Gunia lake lilikuwa chini ya gurudumu.

Nilifika siku ya pili. Kijana alikuwa amekaa chini ya mti, na watu wote walikuwa wanamlaumu yeye. Nilipoinama chini ya dashibodi nikakuta kile kisanduku na taa yake ndogo inawaka, nilikumbuka maneno yangu mwenyewe: "Kweli, gari limepona." Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, niliuliza mara moja tu, nikaridhika na jibu la mgongo wangu ulioegemea kiti. Nilimwendea yule kijana, nikamwambia mbele ya wajumbe wa bodi kwamba lawama si yake peke yake, na kwamba sehemu yake moja ni yangu.

Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua. Safari ile tuliumbuliwa bila kifo, nasi tumshukuru Mungu. Lakini hatuna haki ya kungoja mara ya pili.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Sasa nieleze lile ambalo ningependa kila Katibu aliandike. Gari likichelewa kuitika, ipo njia rahisi ya kujua kama tatizo ni la pedali au ni la injini. Mpeni dereva mwangalifu gari lisilo na mzigo, katika barabara iliyonyooka isiyo na watu wala magari. Aendeshe kwa gia ya tatu, mwendo wa wastani, kisha aikanyage pedali mpaka mwisho. Gari likivuta vizuri kama lilivyokuwa likivuta zamani, basi injini ina afya, na kinachomkera dereva ni upole wa pedali tu. Lakini pedali ikiwa imefika sakafuni na gari bado linajikongoja, kisanduku hakiwezi kusaidia chochote, kwa maana nimekwisha kusema kwamba mia haizidi mia. Hapo tafuteni ugonjwa.

Utafuteni kwa utaratibu, mkianza na vitu vya bei ndogo.

Kwanza, tazameni sakafuni. Mkeka wa mpira uliowekwa juu ya mkeka mwingine huizuia pedali kufika mwisho, na wakati mwingine huinasa isirudi. Msidharau jambo hili. Mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Toyota ilirudisha magari kwa mamilioni, huko Marekani na nchi nyingine, kwa sababu ya pedali zilizoweza kunaswa na mikeka na nyingine zilizochelewa kurudi. Wengi walishuku umeme wa magari hayo, hata serikali ya Marekani ikawaomba wahandisi wa NASA wachunguze. Matokeo yalitangazwa Februari 2011, nao hawakuona hitilafu ya umeme iliyoweza kuyafanya magari hayo yaende mbio kwa hatari yenyewe. Wakati mwingine adui ni mkeka.

Pili, fungueni chujio la hewa. Katika barabara zetu za vumbi, kitabu cha gari kikisema libadilishwe baada ya kilomita kadhaa, sisi tulitazame mapema zaidi ya hapo.

Tatu, chujio la dizeli, pamoja na kumwaga maji yaliyotuama chini yake. Dizeli iliyokaa katika mapipa huwa na maji na uchafu.

Nne, kwa gari lenye turbo, kageni mipira yote ya hewa na vibano vyake. Mluzi usio wa kawaida na moshi mweusi ni dalili ya hewa kuvuja.

Tano, baada ya safari fupi, sogezeni kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, huenda breki yake imeshika, na gari linavutwa nyuma huku injini ikisukuma mbele. Pimeni na upepo wa tairi.

Sita, sikilizeni klachi. Injini ikipiga kelele bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha.

Saba, mwambieni fundi aisome kompyuta ya gari kwa mashine yake, na atazame plagi ya pedali. Kwa gari la petroli asafishe na mlango wa hewa, kwa kuwa masizi hujikusanya pale.

Nane, jiulizeni ukweli juu ya mzigo. Gari la tani moja likibebeshwa tani moja na nusu si gonjwa, limeonewa. Tena kumbukeni kwamba sisi tunaoishi milimani tunavuta hewa nyembamba kuliko ile ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo huona upungufu huo kama tunavyouona sisi tunapopanda kilima. Hata turbo huhitaji kitambo kidogo ili kushika kasi baada ya pedali kukanyagwa, na hakuna kisanduku cha pedali kiwezacho kukifuta kitambo hicho.

IKIWA CHAMA KITAAMUA KUNUNUA

Siwezi kuwakataza. Gari ni mali yenu na uamuzi ni wenu. Lakini ikiwa gari limepimwa, limeonekana zima, na bodi imeridhika kwamba pedali yake ni pole kupita kiasi, basi nawashauri mambo yafuatayo.

Nunueni kifaa kilichotengenezwa kwa aina hasa ya gari lenu, ambacho plagi zake huingia bila kukata waya hata mmoja. Fundi akitaka kukata waya za pedali, mwambieni aache. Kifungwe gari likiwa limezimwa na ufunguo umetolewa, nacho kifungwe imara ili kisianguke kwenye pedali. Tumieni kipimo cha chini kabisa kinachoondoa kero. Vipimo vya juu visitumike katika gari la chama, kwa maana gari la chama huendeshwa na watu wengi, na huingia mahali penye watu wengi. Katika matope na utelezi kizimwe, kwa kuwa huko mguu mpole ndio unaofaa.

Bandikeni karatasi karibu na usukani yenye maneno yanayosomeka: "Pedali ya gari hili ni nyepesi." Liandikwe pia katika daftari la safari, na kila dereva mpya aonyeshwe kabla ya kuwasha. Fundi aambiwe kila gari linapokwenda gereji. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, na kama gari bado liko chini ya dhamana ya muuzaji, aulizwe kwanza. Msimwamini mtu anayewaambia kwamba kifaa hiki kinapunguza matumizi ya dizeli. Kipimo chake cha kubana matumizi huifanya pedali iwe nzito zaidi, basi. Dereva mwenye nidhamu hupata faida hiyohiyo kwa mguu wake, bila malipo.

KUANDIKA JINA LA KWELI

La mwisho ni letu sisi watu wa kalamu. Hati ile iliandikwa "Kuongeza nguvu gari." Kama ingeandikwa "Kununua kifaa cha kufanya pedali iitike upesi," mjumbe mmoja angeuliza, "Kwani injini ina nini?" Swali hilo lingemfikisha mtu kwenye chujio la hewa. Dereva na fundi nao wangelisikia jina la kifaa na kukikumbuka. Jina lisilo la kweli lilizuia swali, na swali lililozuiwa likavunja mkono wa mtu.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, msiandike katika hati sifa alizozitaja muuzaji. Andikeni kitu kilichonunuliwa na kazi yake. Na mkimwona mkaguzi amepanda gari akafurahi, mkumbusheni kwamba kazi yake ni kuinua boneti.

Karani wa mizani amepona, naye amerudi kazini. Yule kijana alikataa kushika usukani kwa muda mrefu. Msimu uliofuata bodi ilimwita, ikamwonyesha gari likiwa limeondolewa kisanduku, ikamwomba alisogeze tena mpaka bandani. Alilisogeza taratibu, na yule mama mzee alikuwepo kwenye foleni. Naliona jambo lile kwa macho yangu. Kisanduku chenyewe kimo katika kabati la chama, kimeandikwa katika daftari la mali kwa jina lake la kweli.